Uwiano ukipewa tofauti badala ya jumla: uzi wa mafumbo ya hesabu

#1 Penseli_Butu (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya fumbo la aina moja tu, kwa sababu ndilo linalowaangusha hata wale wanaojiamini kwenye uwiano.

"Chama cha wasomaji kina wanawake na wanaume kwa uwiano wa 7:4. Wanawake wamewazidi wanaume kwa 36. Chama kina wanachama wangapi?"

Mpe fumbo hili mwanafunzi aliyetoka kujifunza kugawa kitu kwa uwiano. Mkono wake utajumlisha 7 na 4 kabla macho hayajamaliza sentensi. Anapata 11, anagawanya 36 kwa 11, inatoka desimali isiyokwisha, halafu ama anakadiria ama anaacha nafasi wazi. Kugawanya anajua vizuri. Alichoruka ni swali moja: hiyo 36 ni ya nani?

Uwiano wa 7:4 hausemi kwamba kuna wanawake saba. Unasema kwamba ukiwapanga watu hawa katika mafungu yenye idadi sawa, wanawake watajaza mafungu saba na wanaume manne. Chora:

Wanawake [ ][ ][ ][ ][ ][ ][ ]
Wanaume [ ][ ][ ][ ]

Sasa funika mafungu manne ya juu yaliyo na wenzao chini. Yanabaki matatu yasiyo na mwenza. Hayo matatu ndiyo "wamewazidi", ndiyo 36. Basi fungu moja lina watu 12. Wanawake 7 × 12 = 84, wanaume 4 × 12 = 48, jumla 132.

Swali lingetoa jumla ya 132, namba hiyo ingekuwa ya mafungu 11. Lingetoa wanawake 84, ingekuwa ya mafungu 7. Limetoa tofauti, kwa hiyo namba ni ya mafungu 3. Mchoro haubadiliki hata kidogo. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaofundisha "aina tatu za maswali ya uwiano" kama masomo matatu yenye kanuni tatu. Swali ni lile lile, ila namba imebandikwa mahali pengine kwenye mchoro.

Leteni mafumbo yenu, hasa yale yaliyowasumbua.

#2 Daftari_la_Nyuma

Mkuu, kanuni yake si ipo? Tofauti, gawanya kwa (kubwa toa ndogo), zidisha kwa unayemtafuta. Mstari mmoja umemaliza. Visanduku vya nini kwa mtu mzima?

#3 Penseli_Butu

Kanuni hiyo ni sahihi, siipingi. Shida yake ni kwamba haimwambii mtu lini asiitumie. Ngoja waje wenye makundi matatu, utaniambia.

#4 Kona_Kali

Mimi nasimama katikati yenu. Asiyependa kuchora aandike k badala ya fungu. Wanawake 7k, wanaume 4k, basi 7k − 4k = 36, 3k = 36, k = 12. Ni mchoro ule ule umevaa herufi.

Ila nawasihi, msiingize herufi mbili pasipo sababu. Kuna watu wanaandika x na y, halafu x/y = 7/4, halafu x − y = 36, halafu wanahamisha huku na kule mpaka ukurasa unajaa. Jibu litatoka, lakini uwiano umeshakwambia kwamba vitu viwili hivi vinaongozwa na kitu kimoja tu. Kwa nini uutupe msaada huo?

#5 Mama_Mapacha

Habari zenu walimu. Wanangu wamegombana juu ya hili, na mimi sina pa kushika. "Watoto watatu wana shanga kwa uwiano wa 2:5:9. Wa tatu amemzidi wa kwanza kwa shanga 63. Wa pili ana shanga ngapi?"

Mmoja kachukua 9 toa 5, akagawanya 63 kwa 4, kapata 15 na robo tatu. Mwenzake kajumlisha zote zikawa 16, akagawanya, naye kapata namba yenye mkia. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye mkosaji.

#6 Penseli_Butu

Mama, wote wawili wana haki ya kumlaumu mwenzake :)

Waambie wapigie mstari majina yaliyotajwa kwenye sentensi ya tofauti. Ni "wa tatu" na "wa kwanza". Wa pili hayumo. Kwa hiyo tunalinganisha mafungu 9 na mafungu 2: tofauti ni mafungu 7, nayo ni shanga 63. Fungu moja ni shanga 9. Wa pili, ingawa hakuhusika kwenye tofauti, mafungu yake ni ya ukubwa ule ule, kwa hiyo ana 5 × 9 = 45.

Wahakikishe: 18, 45, 81. 81 toa 18 ni 63.

Na wewe Daftari, hapa "kubwa toa ndogo" iliwezekana kusomwa kwa njia tatu: 9 − 5, 5 − 2, 9 − 2. Kanuni yako inachagua ipi?

#7 Daftari_la_Nyuma

Kubwa kuliko zote toa ndogo kuliko zote, mkuu. Imetoa 7. Bado nimesimama.

#8 Penseli_Butu

Umesimama kwa sababu swali lilikuonea huruma. Lingesema "wa pili amemzidi wa kwanza" ungelala.

#9 Chaki_Nyeupe

Ngoja niongeze moto. Hili nawapa darasani kila mara, na nililitengeneza makusudi liwe na mtego:

"Katika kasha, uwiano wa kadi za bluu kwa kijani ni 2:3, na wa kijani kwa nyekundu ni 4:5. Nyekundu zimezidi bluu kwa 42. Kuna kadi ngapi za kila rangi?"

Wengi wanaona bluu 2, nyekundu 5, tofauti 3. Wanagawanya 42 kwa 3, wanapata 14. Bluu 28, nyekundu 70. Tofauti yake ni 42 kweli! Namba nzima, hakuna mkia, wanapiga mstari wa jibu kwa furaha.

Sasa waulize kijani ni ngapi. Kwa uwiano wa kwanza, bluu zikiwa 28 kijani ni 42. Kwa uwiano wa pili, nyekundu zikiwa 70 kijani ni 56. Kasha moja, kijani mbili.

Kilichotokea ni kwamba fungu la uwiano wa kwanza na fungu la uwiano wa pili hayana ukubwa sawa. Kijani imehesabiwa mafungu 3 kwenye uwiano mmoja na 4 kwenye mwingine, na kadi zenyewe ni zile zile. Huwezi kutoa mafungu ya aina moja kwenye mafungu ya aina nyingine, kama vile usivyoweza kutoa inchi kwenye sentimita bila kubadili kwanza. Tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha 3 na 4, ambacho ni 12. Uwiano wa kwanza unazidishwa kwa 4: 8:12. Wa pili unazidishwa kwa 3: 12:15. Sasa kijani inasema 12 pande zote, na tunaweza kuandika bluu : kijani : nyekundu = 8:12:15.

Tofauti ya nyekundu na bluu ni mafungu 7, sawa na 42. Fungu ni 6. Bluu 48, kijani 72, nyekundu 90.

Jibu kutoka namba nzima si ushahidi wa chochote. Mtunga swali anaweza kupanga namba ili na jibu baya nalo ling'ae.

#10 Kona_Kali

Chaki umenikumbusha mtego mwingine wa familia hiyo hiyo, na huu kwangu ndio mbaya zaidi kwa sababu unapita hata kwenye uhakiki wa haraka.

"Wanaume ni 3/8 ya wanakwaya wote. Wanawake wamewazidi wanaume kwa 30. Kwaya ina watu wangapi?"

Mtu anaona 3 na 8, anaandika wanaume kwa wanawake 3:8. Tofauti 5, 30 ÷ 5 = 6. Wanaume 18, wanawake 48. Anahakiki: 48 − 18 = 30. Safi! Anafunga daftari.

Lakini 3/8 inalinganisha wanaume na kwaya nzima, si wanaume na wanawake. Kwaya ni mafungu 8, wanaume 3, kwa hiyo wanawake ni 5. Tofauti ni mafungu 2, fungu ni 15. Wanaume 45, wanawake 75, jumla 120. Na 45 kati ya 120 ni 3/8.

Angalia yule wa kwanza: 18 kati ya 66 ni 3/11. Alihakiki sharti moja, akaacha la pili. Swali limekupa masharti mawili, uwiano na tofauti; jibu lisimame mbele ya yote mawili, na uyasome kutoka kwenye swali, si kutoka kwenye ulichoandika wewe.

Asilimia nayo ni hivyo hivyo. "A amezidi B kwa asilimia 40" maana yake B ni 100 na A ni 140, yaani A kwa B ni 7:5. Ukiambiwa tofauti ni 18, mafungu 2 ni 18, A ni 63 na B ni 45. Sihitaji kusema zaidi hapo.

#11 Msomaji_Kimya

Huwa nasoma tu sichangii, ila leo nina swali. Mafumbo ya umri: hayatoi tofauti, yanatoa uwiano mara mbili. "Umri wa mama kwa binti yake ni 5:2. Baada ya miaka 9 utakuwa 2:1. Wana umri gani sasa?" Je, yanaingia kwenye uzi huu au nifungue mwingine?

#12 Chaki_Nyeupe

Yanaingia, tena karibu sana ndugu yangu. Tofauti haikutajwa kwa sababu huhitaji kuambiwa: pengo la umri kati ya watu wawili halibadiliki maisha yao yote. Mama aliyemzidi binti kwa miaka kadhaa leo atamzidi kwa miaka hiyo hiyo baada ya miaka 9.

Kwa hiyo angalia tofauti ya mafungu kila wakati. Sasa hivi 5 − 2 = 3. Baadaye 2 − 1 = 1. Pengo ni lile lile, lakini moja linasema mafungu 3 na jingine fungu 1, maana yake ukubwa wa mafungu haulingani (mtego wa kadi umerudi kwa mlango mwingine). Zidisha uwiano wa pili kwa 3:

Sasa 5 : 2
Baadaye 6 : 3

Tofauti ni 3 juu na chini. Sasa mafungu yana ukubwa mmoja, na jibu linaonekana kwa macho: mama ametoka 5 kwenda 6, binti ametoka 2 kwenda 3. Kila mmoja ameongeza fungu moja, na fungu hilo ni miaka 9. Mama ana 45, binti 18. Baada ya miaka 9 watakuwa 54 na 27.

Kwa mlinganyo ungeandika (5k + 9) = 2(2k + 9), ukapata k = 9. Sawa kabisa. Ila mimi nikiwa na wanafunzi wasiojua aljebra bado, hii njia ya kusawazisha pengo ndiyo naitegemea, na nimeona hata wanaojua aljebra wakiipenda.

#13 Kona_Kali

Niongezee hapo. Kabla ya kushika kalamu kwenye swali lenye "kabla" na "baada", jiulize ni nini kimetulia. Wote wawili wakiongezewa kiasi sawa, au wakipunguziwa kiasi sawa, tofauti imetulia. Mmoja akimpa mwenzake, jumla ndiyo imetulia na tofauti inakimbia. Mmoja akibadilika peke yake, yule mwingine ndiye aliyetulia. Sawazisha mafungu ya kilichotulia, kazi imeisha.

Na hapo kwenye kupeana kuna shimo. "Uwiano wa vitabu vya A kwa B ni 5:3. A akimpa B vitabu 6, watalingana." Tofauti yao ilikuwa ngapi?

#14 Daftari_la_Nyuma

Sita. Mafungu 2 ni 6, fungu 3, A ana 15 na B ana 9. Kanuni imefanya kazi.

#15 Kona_Kali

Mpe basi. A anabaki na 9, B anakuwa na 15. Wamebadilishana viti tu, hawajalingana.

Kitabu kikitoka kwa A kwenda kwa B, A anashuka moja na B anapanda moja, pengo linapungua kwa mbili. Vitabu 6 vilifuta pengo la 12. Mafungu 2 ni 12, fungu ni 6, A ana 30 na B ana 18. Akimpa 6, wote wana 24.

#16 Daftari_la_Nyuma

Hapo sawa. Lakini kanuni haikukosea, ililishwa namba isiyo tofauti. Ningepewa 12 ingetoa jibu.

#17 Penseli_Butu

Na hilo ndilo ninalolisema tangu #3, mkuu. Kazi ya kujua namba ni ya mafungu mangapi haimo ndani ya kanuni. Endelea kuitumia, ila chora kwanza.

#18 Daftari_la_Nyuma

Sichori.

#19 Mzee_wa_Namba

Vijana, hamjambo. Nimefurahi kuona mnabishana juu ya kitu kikongwe. Diophantus wa Alexandria, huko Misri, anayehesabiwa kuwa wa karne ya 3, aliliweka fumbo hili hili mwanzoni kabisa mwa kazi yake ya Arithmetica. Kwenye kitabu cha kwanza, fumbo la 2 ni kugawa namba katika sehemu mbili kwa uwiano uliotolewa: alichukua 60 kwa uwiano wa 3:1, akapata 45 na 15. Fumbo la 4 ndilo lenu: tafuta namba mbili zenye uwiano uliotolewa na tofauti iliyotolewa. Alichukua uwiano wa 5:1 na tofauti ya 20. Akaiweka ndogo kuwa kitu kimoja kisichojulikana na kubwa kuwa vitano vya aina hiyo. Tofauti ni vinne, sawa na 20. Basi kimoja ni 5. Namba ni 25 na 5.

Hakuchora visanduku na hakutoa kanuni ya mstari mmoja. Aliita fungu kwa jina moja, akahesabu yako mangapi.

La kati, fumbo la 3, ni tamu zaidi: gawa 80 katika sehemu mbili, kubwa iwe mara tatu ya ndogo na kuzidi kwa 4. Nawaachia mlifanye wenyewe.

#20 Kona_Kali

Shikamoo mzee. Ndogo fungu 1, kubwa mafungu 3 na 4 za ziada. Toa hizo 4 kwenye 80, zinabaki 76 kwa mafungu 4, fungu ni 19. Ndogo 19, kubwa 61.

#21 Mzee_wa_Namba

Marahaba. Ndivyo.

#22 Msomaji_Kimya

Nimepata ujasiri, nauliza tena. Uwiano wa wavulana kwa wasichana ni 12:8, tofauti 6. Nimepata mafungu 4 ni 6, fungu moja ni 1.5. Mtu mmoja na nusu? Swali limekosewa?

#23 Penseli_Butu

Halijakosewa. Fungu si mtu, ni kipimo tu. 12 × 1.5 = 18, 8 × 1.5 = 12, tofauti 6, watu wazima wote. Nusu imejitokeza kwa sababu uwiano haukurahisishwa. 12:8 ni 3:2, na hapo fungu linakuwa 6 na jibu ni lile lile. Rahisisha kwanza, utajiepusha na wasiwasi.

Swali lililokosewa ni kama hili: uwiano 8:5, tofauti watu 20. Hapo uwiano umesharahisishwa na 20 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo hakuna kundi la watu linaloweza kuwa hivyo. Badilisha watu kuwa lita za maji na swali linapona: lita 53⅓ na 33⅓.

Na ukipewa uwiano wa 1:1 pamoja na tofauti isiyo sifuri, usihangaike, mtunga swali alikuwa na usingizi.

#24 Chaki_Nyeupe

Kabla uzi haujapoa, hili la mwisho kwa wanaotaka jasho. "Boksi dogo lina penseli 6, boksi kubwa lina penseli 10. Uwiano wa maboksi madogo kwa maboksi makubwa ni 5:2. Penseli zilizo kwenye maboksi madogo zimezidi zilizo kwenye makubwa kwa 80. Kuna maboksi mangapi ya kila aina?"

Daftari, kanuni yako tafadhali.

#25 Daftari_la_Nyuma

5 − 2 = 3, 80 ÷ 3... haigawanyiki. Swali limekosewa, kama alivyosema mtoa mada hapo #23.

#26 Chaki_Nyeupe

Uwiano ni wa nini, na tofauti ni ya nini?

#27 Daftari_la_Nyuma

Uwiano wa maboksi. Tofauti ya penseli. Haya, nimekuelewa. Kwa kila maboksi madogo 5 kuna makubwa 2. Penseli 30 kwa 20. Tofauti ni 10 kwa kila seti. 80 ÷ 10 = seti 8.

#28 Mama_Mapacha

Wanangu nao wamemaliza: madogo 40, makubwa 16. Mmoja alichora seti moja kisha akaandika pembeni "mara 8", mwenzake alichora zote nane mpaka karatasi ikaisha. Penseli 240 na 160, wamehakiki.

#29 Daftari_la_Nyuma

Huyo wa seti moja ana akili. Na mimi nilichora, ila kichwani.